MCA Wenu Amefariki: Nani Afanye Nini, na Lini

Swali ni lile lile, kinachobadilika ni jina la wadi tu. Mwakilishi aliyekaa na watu kwa miaka, wengine wakimjua tangu enzi za baraza la manispaa, amefariki. Ameshazikwa, mahema yamekunjwa, na sasa watu wanaulizana kiti kitajazwaje. Anayeishi Matisi, Kitale, anataka kujua kama bado anaweza kuhamisha kura akapigie nyumbani Chwele. Mwalimu wa Kiminini anataka kugombea lakini hataki kuacha kazi kabla hajawa na hakika. Na kila kijiji kina mtu anayesema kiti kiachiwe familia.

Majibu yenyewe ni mafupi kuliko maneno yanayozungushwa sokoni. Shida ni kwamba katika uchaguzi mdogo milango mingi hufungwa wakati watu bado wako matangani. Anayesubiri kusikia vipaza sauti vya kampeni ndipo aulize, huambiwa muda umepita.

Siku huanza kuhesabiwa tangu kifo

Chukua mfano wa Kabuchai, Bungoma. Mbunge James Lusweti Mukwe alifariki tarehe 4 Desemba 2020. Watu walipiga kura tarehe 4 Machi 2021, na Joseph Majimbo Kalasinga wa Ford Kenya akashinda kwa kura 19,274 dhidi ya 6,455 za Evans Kakai wa UDA. Hesabu mwenyewe: ni siku 90, hakuna hata moja iliyozidi. Ndani ya siku hizo mlikuwa na mazishi, Krismasi, kupata tiketi, kupeleka karatasi na kampeni nzima.

Hicho kilikuwa kiti cha bunge, ambacho Katiba imekiwekea siku 90. Kiti cha wadi nacho hakijazwi kwa mapenzi ya mtu. Mambo hufuatana hivi:

- Kiti huwa wazi mwakilishi anapofariki. Hakihitaji kibali cha gavana wala kura ya Bunge la Kaunti.
- Spika wa Bunge la Kaunti ana siku 21 za kuiarifu Tume ya Uchaguzi, IEBC, kwa maandishi.
- IEBC huchapisha tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Humo mna siku ya kura, mwisho wa mchujo wa vyama, siku za kupeleka karatasi za uteuzi, na siku kampeni zinapoanza na kuisha.

Tafuta tangazo hilo, lipige picha, liweke kwenye simu yako. Tarehe utakazosikia kwa mwenye bodaboda au kwa mpambe wa mgombea si za kutegemea.

Utaniambia: mbona kuna wadi zilizokaa zaidi ya mwaka bila mwakilishi? Ni kweli. IEBC haikuwa na makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, Erastus Ethekon na wenzake walipoapishwa. Banissa kule Mandera ilimpoteza mbunge wake Machi 2023 ikaja kupiga kura tarehe 27 Novemba 2025, siku ambayo wadi ya Kabuchai/Chwele hapa Bungoma nayo ilikuwa debeni. Huo ulikuwa mkwamo wa Tume, na umekwisha. Leo wiki tatu zikipita baada ya kifo bila habari, wazee wa wadi wana haki ya kumwandikia karani wa Bunge la Kaunti, Kitale au Bungoma, na kuuliza kama Spika ameshatuma notisi. Wapeleke barua mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi nao.

Kuna hali moja tu ambapo kiti huachwa wazi kihalali: nafasi ikitokea katika miezi mitatu ya mwisho kabla ya uchaguzi mkuu. Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027.

Kura yako iko wapi?

Hapa ndipo watu wa Kitale na Bungoma huumia kuliko wengi, kwa sababu ya jinsi tunavyoishi. Mtu ana shamba Kwanza, duka Kitale mjini, na boma la baba yake Sirisia. Kura aliiandikisha alikokuwa mwaka huo, akasahau.

Sheria haina huruma. Tangu siku kiti kinapotangazwa kuwa wazi hadi siku ya kura, katika eneo hilo hakuna kusajili mpiga kura mpya wala kuhamisha kura. Kwa hiyo:

- Kura yako ikiwa Tuwani na kiti kilicho wazi ni cha Chwele, uchaguzi huu haukuhusu kama mpiga kura. Chanzo cha ukoo wako hakibadilishi kitu.
- Kura yako ikiwa Chwele na wewe unaishi Kitale, utasafiri siku hiyo. Hakuna kupigia mbali.
- Aliyetimiza miaka 18 baada ya kiti kutangazwa kuwa wazi atangoja uchaguzi mwingine.
- Anayekuja na ahadi kwamba "ana mtu ndani" wa kukuhamishia kura sasa hivi ni mwongo, na akikuomba pesa ni tapeli.

Nenda ofisi ya IEBC ya jimbo lako na kitambulisho, uulize umesajiliwa wadi gani na kituo gani. Usitegemee kumbukumbu. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo shule moja inaweza kuwa na vituo vitatu au vinne, kila kimoja na mlango wake. Ukikosea mlango utapanga foleni mara mbili.

Kama kitambulisho kimepotea, anza kutafuta kingine leo. Makarani wa kituo wanataka hati halisi uliyojisajilia, iwe kitambulisho au pasipoti. Nakala ya fotokopi, picha ya kwenye simu au ile karatasi ya kusubiria kitambulisho haitakusaidia.

Unataka kugombea? Soma hapa kabla hujachangisha hata shilingi

Nimeona wagombea wazuri wakianguka kabla hata ya kampeni, na karibu kila mara ni kwa makosa haya haya.

*Mtumishi wa umma.* Katika uchaguzi mkuu, mtumishi wa umma hujiuzulu miezi sita kabla. Katika uchaguzi mdogo ana siku saba tu tangu kiti kitangazwe kuwa wazi. Mwalimu aliyeajiriwa na TSC, muuguzi wa kaunti, chifu na karani wa ofisi ya wadi wote wamo. Siku saba ni chache, na wengi huzimaliza wakipima upepo. Amua mapema pamoja na mkeo au mumeo, kwa sababu mshahara unakoma wala hakuna ahadi ya kurudishwa kazini ukishindwa. Ikiwa familia inakutegemea wewe peke yako, ushauri wangu ni usigombee kiti ambacho muda wake uliobaki ni mfupi.

*Mgombea huru.* Huu ndio mtego mkubwa. Katiba inataka mgombea huru awe hajakuwa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya kura. Sasa rudi kwenye kalenda ya Kabuchai: kifo tarehe 4 Desemba, kura tarehe 4 Machi. Aliyejitoa chamani baada ya mazishi alikuwa amechelewa tayari. Kwa hiyo ule mtindo wa kushindwa katika mchujo kisha kutangaza "naenda huru" hauwezekani hapa. Lazima uwe ulikuwa nje ya chama kabla msiba haujatokea.

Usiseme "mimi sina chama" kabla hujathibitisha. Wakenya wengi wamekuta majina yao kwenye orodha za vyama ambavyo hawajawahi kukanyaga ofisi zao. Angalia kupitia eCitizen kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa. Ukijikuta humo bila ridhaa yako, peleka malalamiko kwa Msajili siku hiyo hiyo.

*Sahihi 500.* Mgombea huru wa wadi anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo. Kusanya 700. Watu husaini kwa moyo safi kumbe kura zao ziko wadi jirani, wengine husaini mara mbili, na wengine huandika nambari ya kitambulisho kimakosa. Ukipeleka 503 unajitafutia balaa.

*Ada.* Mgombea wa wadi hulipa IEBC shilingi 5,000. Kijana, mwanamke na mtu mwenye ulemavu hulipa 2,500. Hiyo ni tofauti kabisa na ada ya chama, ambayo kila chama hujipangia na mara nyingi huwa kubwa zaidi. Dai risiti yenye jina la chama. Pesa iliyotumwa kwa simu ya "mratibu" si ada.

*Makazi.* Wengi huuliza: nimesajiliwa Kitale, naweza kugombea Bungoma? Katiba inasema uwe mpiga kura aliyesajiliwa, haisemi uwe umesajiliwa wadi hiyo hiyo. Karatasi zako zitapita. Ila wapinzani watakuuliza kila mkutano kwa nini hujipigii kura, kwa hiyo uwe na jibu.

Jambo la mwisho kwa mgombea: tafuta mtu mmoja asiyekusifu, mpe kazi ya kusoma kila karatasi kabla haijaenda kwa msimamizi wa uchaguzi. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho. Lile la utani linalokujulisha sokoni halitoshi.

Kiti hakirithiwi, ila familia haikatazwi

Marehemu akiwa amekaa muda mrefu, huruma huwa nyingi, na wazee huanza kutaja mjane, kaka au mwana. Sheria haimpi yeyote kati yao kipaumbele, wala haimzuii. Atapita mlango ule ule wa wengine.

Wapiga kura nao hawana kawaida moja. Makamu wa Rais Michael Wamalwa Kijana, mbunge wa Saboti, alifariki London Agosti 2003. Katika uchaguzi mdogo uliofuata kiti kilikwenda kwa Davies Nakitare. Mdogo wa marehemu, Eugene Wamalwa, alikipata katika uchaguzi mkuu wa 2007. Kwa upande mwingine, Kasipul kule Homa Bay walimchagua Boyd Were mnamo Novemba 2025 kushika kiti cha baba yake, Ong'ondo Were, aliyeuawa kwa risasi Nairobi mwezi Aprili mwaka huo. Mgombea wa familia ana jina linalojulikana na watu walio tayari kumsikiliza. Ana pia madeni ya marehemu, ya pesa na ya ahadi, na kila mtu atamjia na lake.

Kwa familia nina neno moja. Kaeni kikao mkiwa ninyi kwa ninyi, kabla ya wanasiasa kuingia, mkubaliane ni nani atasimama au kwamba hakuna. Watoto wa nyumba mbili wakijitokeza na tiketi mbili, kura za huruma hugawanyika na mpinzani hupita katikati.

Matanga si jukwaa

Najua hili ni gumu kwetu. Magharibi nzima mazishi ni mahali pa siasa, na mwanasiasa asipofika huhesabiwa kuwa adui. Bado kuna mipaka ya kumlinda mfiwa na hata anayetaka kiti.

1. Familia ichague msema chochote mmoja na kumkabidhi kipaza sauti. Orodha ya wasemaji iandikwe usiku wa kabla.
2. Michango itangazwe na mweka hazina wa familia kwa jumla, bila kutaja nani katoa kiasi gani. Hapo mnazuia mnada.
3. Kwa Wabukusu, mzee akiombolezwa kwa khuswala kumuse, hotuba ya jadi ya maombolezo, mwache msemaji afanye kazi yake hadi mwisho. Anayenyanyuka katikati kujitangaza atakumbukwa kwa ubaya.
4. Kama wewe ndiye unayetaka kiti, fika, toa rambirambi, keti. Watu wanajua tayari.

"Basari ya mtoto wangu imekufa naye?"

Haijafa. Pesa za basari na miradi ya wadi ziko katika bajeti ya kaunti, si mfukoni mwa MCA. Kinachokwama ni ufuatiliaji, kwa kuwa aliyekuwa akigonga milango hayupo. Nenda kwa msimamizi wa wadi, ambaye ni afisa wa kaunti na kazi yake haikomi diwani anapofariki. Beba barua ya shule, nakala ya fomu mliyojaza, na uliza jina la mtoto limefika hatua gani. Kwa mradi uliosimama, kama daraja au zahanati, ulizeni uko ukurasa gani wa bajeti ya mwaka huu. Mkutano wa maoni ya wananchi kuhusu bajeti ukiitishwa kabla ya kumpata mwakilishi mpya, nendeni kwa wingi, maana hakuna wa kuwasemea katika Bunge la Kaunti.

Jihadhari na mgombea anayesema basari itatoka ukimpigia kura. Hana mamlaka nayo bado.

Pesa, vitambulisho na vijana wa mikono

Uchaguzi mdogo ni mdogo kwa wapiga kura, si kwa pesa. Viongozi wa nchi nzima huhamia wadi moja kwa wiki tatu, kila mmoja akitaka kuonyesha ubabe wake. Chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, hongo inaweza kukuletea faini ya hadi shilingi milioni mbili, kifungo cha hadi miaka sita, au vyote viwili. Anayepokea naye ana kosa, jambo ambalo wengi hawaambiwi.

- Usimpe mtu kitambulisho chako "akakipige picha." Wanaokusanya vitambulisho wanataka ukose cha kupigia kura.
- Usipige picha karatasi ya kura ili kuthibitisha umelipa deni la mtu. Kura ni siri.
- Nauli kutoka Kitale hadi kituoni ilipe mwenyewe au mchangiane na jirani. Ukipanda gari la mgombea, hata kama hakuombi kitu, utatazamwa na wenzako kama mtu wake.
- Kijana akiitwa "ulinzi" kwa ujira wa siku, mama yake amkataze. Siku ile ile Kabuchai ilipopiga kura, jirani zetu wa Matungu walishuhudia waziri wa zamani akimzaba kofi afisa wa IEBC kituoni. Wakubwa huwa na mawakili. Kijana wa mikono hulala seli.

Kampeni hukoma saa 48 kabla ya kura. Atakayekuja na mkutano wa usiku baada ya hapo yuko nje ya sheria.

Siku yenyewe

Vituo hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni. Ukiwa kwenye foleni saa 11 ikigonga, una haki ya kupiga kura, usiondoke. Karatasi ni moja tu, alama ni moja tu. Kidole kisiposomwa na mashine, tulia. Karani ana njia ya kukutafuta kwa nambari ya kitambulisho.

Wagombea huwapuuza mawakala wao, na hapo ndipo hushindwa. Mpe wakala barua ya uteuzi mapema, aape kiapo cha siri, abebe chakula na tochi, na asitoke hadi matokeo yasainiwe. Fomu ya matokeo ya kituo kwa kiti cha wadi ni 36A. Wakala asiyerudi na nakala ya 36A hakukusaidia kitu, hata kama alikesha. Kama hakubaliani na hesabu, aombe ihesabiwe upya pale pale, na aandike sababu zake kwenye fomu. Kukataa kusaini na kuondoka kwa hasira hakubatilishi matokeo.

Ukishindwa na unaamini umeibiwa

Kesi ya kiti cha wadi hufunguliwa katika mahakama ya hakimu ndani ya siku 28 tangu matokeo yatangazwe. Dhamana ni shilingi 100,000, mbali na ada ya wakili, na mahakama ina miezi sita ya kuamua. Rufaa huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 30.

Kesi huweza kushinda. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilifuta ushindi wa Moses Wetang'ula wa useneta wa Bungoma katika kesi ya Musikari Kombo. Desemba mwaka huo huo wapiga kura wakamrudisha Wetang'ula. Kwa hiyo kabla ya kuuza ng'ombe ulipe dhamana, weka fomu zako zote za 36A mezani na umwulize wakili swali moja: makosa haya yangebadilisha mshindi? Akisitasita, bakiza ng'ombe wako.

Na kwa wewe usiye mgombea: atakayeshinda hapati miaka mitano mipya, atamalizia tu muda uliobaki hadi Agosti 2027. Mwulize kila mgombea sasa ni kazi gani moja atakayoimaliza kabla ya hapo, na uandike jina lake.